Wanafunzi wa chuo mnaotaka kusaidia punda wa Lamu: mwongozo kamili wa kazi ya mtaani

Kila muhula napata meseji ya aina moja. Kikundi cha chuo kimeenda Lamu, kimetundika bango, kimekodi spika, tisheti zimechapishwa, halafu waendesha punda hawakuja, waliokuja ni watoto na kina mama waliokuwa wanapita kwenda sokoni. Wanauliza wamekosea wapi. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote hapa.

Nilikuwa kwenye kikundi kama hicho mwaka wangu wa pili chuoni. Tulikaa uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, toka saa 4 mpaka saa 7, na muda wote huo tulikuwa tunawaona punda kwa mbali pale ufuoni wakipakiwa mchanga. Hakuna hata mmoja aliyeletwa kwetu. Iliniuma sana, manake baadhi ya wale punda walikuwa na vidonda vya mgongo vinavyoonekana toka mbali na sisi tulikuwa na dawa mkononi. Tangu hapo nimerudi mara nyingi na haya ndo niliyojifunza.

Kitu kimoja nakwambia mapema ili usisome bure: kama hamna mpango wa kurudi mara ya pili na ya tatu, msiende. Hela hiyo wapeni wanaokaa huko.

## Kwanza chagueni jambo moja

Vikundi vingi vinabeba kila kitu, mara chanjo ya mbwa, mara paka wa mjini, mara kobe wa baharini, mara punda, na siku ni moja. Matokeo yake kila mtu anasikia maneno mengi na hakuna anachobadilisha nyumbani kwake.

Mwongozo huu unahusu jambo moja tu, vidonda vya mgongo wa punda na tandiko linalovisababisha. Nimelichagua kwa sababu unaweza kuliona kwa macho, unaweza kulipima, na dawa yake kubwa inashonwa kwa mkono kwa vitu vinavyopatikana Lamu penyewe. Paka wa Lamu nawapenda sana ila hao wanataka daktari wa kuwafunga kizazi, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

## Vitu vya kuandaa

- Gunia la katani au la juti, sio la nailoni
- Kitambaa cha pamba, kanga kuukuu zilizofuliwa zinatosha
- Usumba mkavu wa nazi, usiwe na vumbi
- Vipande vya tanga kuukuu, waulizeni mafundi wa matanga na majahazi
- Sindano kubwa ya kushonea matanga na uzi mnene wa pamba
- Kamba laini ya kupimia
- Ndoo mbili, chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, vitambaa safi, sabuni
- Daftari moja na kalamu, sarafu ya shilingi 20 ya kulinganishia ukubwa wa kidonda
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi mzima
- Nauli ya kurudi, iliyotengwa kabla hamjanunua kitu kingine chochote

Hiyo ya mwisho wekeni kwa mtu mmoja mwaminifu asiyegusika. Nimeona vikundi vinne vikila nauli ya kurudi kwa kununua tisheti.

Bango na spika sijaziweka kwenye orodha, hazihitajiki.

## Hatua ya 1: Mpate daktari wa mifugo na ruhusa ya mtaa

Anzeni na ofisi ya mifugo ya kaunti, halafu chifu, halafu mzee wa mtaa mnaokwenda, iwe Langoni, Mkomani, Gadeni, Wiyoni au popote. Lamu mjini pia kuna kliniki ya punda ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ipo tangu 1987, na wenye punda wanaijua vizuri kuliko mnavyoijua nyinyi. Nendeni mkawasalimie, waulizeni ni mitaa gani haijafikiwa sana na nini wao wangependa mfanye. Msiende kushindana nao wala kurudia kazi yao.

Sababu ya kumtaka daktari ni hii. Kenya kuna sheria ya 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na kutibu mnyama ni kazi ya aliyesajiliwa. Nyinyi wanafunzi, hata mkiwa mnasoma mifugo, msidunge sindano, msitoe dawa ya minyoo kwa kukisia, msikate kwato. Kuosha kidonda kwa maji ya chumvi, kushona tandiko, kuandika, kuongea, hayo yenu.

ONYO: mkimchoma punda sindano mbaya akafa, mtaa mzima utafunga mlango, na utafungia hata kikundi kitakachokuja baada yenu.

Mmefaulu hatua hii kama mzee wa mtaa amewatajia mwenyewe majina ya watu watatu wenye punda wa kuanza nao.

## Hatua ya 2: Kaeni siku mbili bila kufanya chochote

Hii ndo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndo inayoamua kila kitu.

Nendeni watu wawili au watatu tu, msiende ishirini. Kaeni barazani, kaeni ufuoni kivulini pale punda wanaposubiri mzigo. Salimuni vizuri, mkubwa mpe shikamoo yake, kijana mwenzako mwite kaka, mzee mwite ami au babu kama wenyeji wanavyomwita. Halafu ulizeni kuhusu kazi, msiulize kuhusu vidonda. Leo kumekuja mzigo gani, mchanga au matofali? Punda huyu umekuwa naye miaka mingapi? Usiku analala wapi? Akiumwa unajuaje?

Mtagundua kitu ambacho hakiandikwi popote. Mwenye punda na mwendesha punda mara nyingi ni watu wawili tofauti. Mwenye punda anaweza kuwa mzee anayekaa nyumbani, anapokea hesabu yake jioni. Mwendeshaji ni kijana analipwa kwa tripu, kwa hivyo kila tripu anayopunguza anapunguza chakula chake mwenyewe. Ukimhubiria kijana huyu habari ya kupunguza mzigo unamwambia apunguze ujira. Ukimhubiria mzee peke yake, yeye hayuko pale punda akipakiwa. Lazima muwafikie wote wawili, kila mmoja na maneno yake.

ONYO kuhusu daftari: siku hizi mbili lisitoke kwenye mfuko. Wenye punda wa Kenya nzima walipata hasara kubwa ya wizi kipindi machinjio ya punda yalipokuwa yanafanya kazi kwa ajili ya ngozi za kupeleka nje. Serikali ikapiga marufuku Februari 2020, mwaka uliofuata mahakama ikautengua uamuzi huo, na watu hawajasahau. Mgeni anayehesabu punda na kuandika anatia wasiwasi, na hana haki ya kushangaa akifukuzwa.

Mmefaulu kama mtu mmoja amewaita mwenyewe. Mimi aliyeniita alikuwa mzee mmoja wa Gadeni, siku ya pili jioni, akaniambia "Ndoo mwanangu utizame," yaani njoo uangalie, akanishika mkono akanipeleka uani kwake. Punda jike, nywele nyeupe mabaka mabaka mgongoni kote. Zile nywele nyeupe ni alama ya vidonda vya zamani vilivyopona, nywele zikaota bila rangi. Ukiziona pande mbili za uti wa mgongo jua tandiko limekuwa likimkandamiza miaka. Mzee alikuwa anajua kwamba anaumia. Alichokuwa hajui ni nini kingine afanye, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

## Hatua ya 3: Pangeni siku kwa maji, sio kwa kalenda ya chuo

Mchanga, matofali na simiti vinaingia kisiwani kwa chombo, na chombo kinafuata maji. Maji yakijaa vyombo vinasogea karibu, punda wote wako kazini, hapo hata ukiwa unagawa pesa hakuna atakayesimama kukusikiliza. Sisi siku ile ya Mkunguni tulikuwa tumechagua Jumamosi kwa sababu hatuna darasa, na Jumamosi ile maji yalijaa saa 4.

Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Kama leo yamejaa saa 4 asubuhi, baada ya wiki moja saa hiyo hiyo yatakuwa yametoka. Kwa hivyo shikeni jedwali, wekeni alama siku ambazo asubuhi ni maji kupwa, halafu mpelekeeni mwendesha punda mmoja awaambie kama siku hiyo kweli kutakuwa na nafasi, manake jedwali halijui kama kuna jengo kubwa linajengwa Shela na watu wameagizwa mchanga.

Msipange Ijumaa mchana. Ramadhani msilete kazi ya jua la mchana kabisa. Wakati wa Maulidi mji umejaa wageni na kuna mashindano ya punda, watu wana furaha lakini sio wakati wa kukaa chini kushona.

Na ile tarehe 4 Oktoba, Siku ya Wanyama Duniani, kila chuo kinaitaka kwa ajili ya ripoti. Kama siku hiyo maji yamejaa asubuhi, iacheni.

## Hatua ya 4: Shoneni tandiko la mfano kabla ya siku yenyewe

Hapa ndo pa kutumia muda. Someni taratibu.

Tatizo la tandiko nyingi ni kwamba ni gunia la nailoni lililokunjwa, limewekwa juu ya uti wa mgongo moja kwa moja, halafu shogi, ule mfuko mkubwa wa kubebea mzigo, likapandishwa juu na mchanga ndani yake. Uzito wote unaangukia mfupa. Nailoni hainyonyi jasho, jasho linakauka linaacha chumvi, chumvi inasugua, ngozi inachunika, nzi wanakuja. Siku ya tatu una kidonda.

Tandiko zuri ni mito miwili mirefu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, imeunganishwa kwa mikanda miwili ya kitambaa, katikati pako wazi. Uzito unakaa juu ya mbavu na nyama, mfupa unabaki hewani.

a) Kupima. Mpime punda mwenyewe kwa kamba, usikisie. Anza nyuma ya bega, pale mguu ukienda mbele bega halifiki, malizia pale mbavu zinapoisha. Usipite hapo, kiunoni hakuna mbavu za kubeba.

b) Kushona mito. Nje gunia la katani, upande wa kugusa ngozi pamba, kanga kuukuu mikunjo miwili. Mshono uwe nje, usiguse mgongo, mshono mmoja uliokaa ndani unatosha kuchana ngozi.

c) Kujaza. Jaza usumba mpaka ukiukandamiza kwa nguvu zako zote ubaki unene wa vidole vinne. Watu wengi wanajaza kidogo kwa sababu mto mlaini unaonekana mzuri mkononi, lakini chini ya simiti unakuwa karatasi. Sponji la godoro sipendekezi, linabonyea upesi na likilowa linakaa na maji ndani. Lakini kama ndilo lililopo na punda ana kidonda kesho, litumie, halafu badilisha.

d) Nafasi ya katikati. Iwe upana wa vidole vinne au kiganja. Shona mikanda miwili ya kuunganisha, ya mbele na ya nyuma, ipite juu kama upinde bila kulala kwenye mfupa.

e) Mikanda ya tumbo na ya mkiani. Kamba nyembamba ya nailoni chini ya tumbo na chini ya mkia inakata kama kisu. Tumia tanga kuukuu lililokunjwa, upana wa sentimita 5 au zaidi, na ule wa mkiani uzungushie pamba. Ukiufunga wa tumbo vidole viwili vipite kati yake na ngozi.

Kipimo cha kujua limekaa sawa: mpandishie punda mzigo wake wa kawaida, halafu inama uangalie toka mbele kupita katikati ya mito. Ukiona mwanga upande wa pili, sawa. Usipouona, mito imebonyea au nafasi ni ndogo, fungua uanze upya. Halafu mtembeze hatua mia mbili, mvue, pitisha mkono. Jasho likiwa pande mbili na katikati pakavu mmefaulu. Mkikuta katikati palipolowa au manyoya yaliyolala upande upande, tandiko linasugua.

Shoneni mawili tu ya mfano. Kikundi chetu kilishona kumi chuoni kikaenda kuzigawa, watu wakapokea na shukrani nyingi, mwezi mmoja baadaye nyingi tukazikuta zimetandikwa barazani zinakaliwa. Hazikuwatosha punda, na hakuna aliyejua kuzitengeneza zikichanika. Tangu hapo sigawi tandiko, nashona na mwenyewe akiwa ameshika sindano.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe

Msizidi punda kumi. Najua mnataka namba kubwa kwa ajili ya ripoti, lakini punda mmoja akifanyiwa sawa ni kama saa nzima ya kazi, na watu hawawezi kusubiri mpaka adhuhuri.

Kaeni karibu na pale punda wanapopumzika, penye kivuli, na ndoo za maji matamu ziwe za kwanza kuwekwa. Punda akinywa mwenye punda anatulia. Yaani maji yenu ndo hotuba ya ufunguzi.

Usalama kwanza. Punda humkaribii kwa nyuma, unamjia kwa ubavu karibu na bega, unaongea ili akusikie, na anayemshika kichwa ni mtu wake sio mwanafunzi. Asante ya punda ni mateke, na kidonda ukikigusa ghafla atarusha hata akiwa mpole. Watoto wakae mbali. Mtu akiumwa na punda, mbwa au paka akatokwa na damu, osha pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali akaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, asingoje dalili.

Utaratibu wa kila punda ni huu. Daktari anamwangalia kwanza. Kidonda kikiwa wazi kinaoshwa kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kumwagia taratibu, sio kusugua. Muoneshe mwenyewe, halafu afanye yeye wewe ukiangalia. Mwambie wazi kwamba oili chafu ya injini, maji ya betri na majivu yanachoma nyama mpya inayoota. Wengi wanapaka oili kwa nia nzuri, kufukuza nzi, kwa hivyo usimkemee. Muulize daktari mbele yake apake nini badala yake.

Kisha mnapima, mnashona. Mwanafunzi mmoja, mwendeshaji mmoja, na mwenye punda akipatikana akae nao. Mkimaliza andikeni, sasa ndo daftari linatoka, na muombe ruhusa. Andikeni rangi na alama ya punda, kidonda kiko wapi, ni kidogo kuliko sarafu ya shilingi 20, ni sawa nayo, au ni kama kiganja. Basi, hakuna fomu ya kurasa nne.

ONYO kubwa: tandiko jipya haliponyi kidonda kilicho wazi. Punda mwenye kidonda kibichi anatakiwa apumzike mpaka ngozi ifunge, na msije mkatoboa tundu kwenye tandiko ili kidonda kipite, manake kingo za lile tundu zinakandamiza ngozi ya pembeni na kidonda kinatanuka. Kupumzika kunagharimu, najua, kwa hivyo kaeni na mwenyewe mfikirie pamoja. Wawili waliokuwa na punda mmoja mmoja tuliwahi kuwaunganisha, mmoja akafanya kazi asubuhi na punda wa mwenziwe, wakagawana, mpaka mgongo ukafunga. Wazo lilitoka kwao, sisi tulileta chai tu.

Pia angalieni aliyenyamaza. Punda anaficha maumivu, hagaragari ovyo kama farasi. Yule aliyesimama kichwa chini, masikio yamelegea, hataki kula, huyo mpelekeeni daktari kabla ya wale wenye vidonda. Punda wa Lamu wanazurura wakila jalalani, na ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya toka Agosti 2017, plastiki bado zipo, zikijazana tumboni mnyama anakufa kimya kimya na mgongo wake ni mzima.

## Hatua ya 6: Jinsi ya kuongea habari ya mzigo

Hili watu wanaliharibu kwa dakika mbili.

Kanuni inayotumika na wataalamu wengi ni kwamba punda asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake. Punda wa kilo 150 theluthi ni kilo 50, yaani mfuko mmoja wa simiti. Sasa simama ufuoni umwambie kijana anayelipwa kwa tripu abebe mfuko mmoja mmoja. Atakuona hujui maisha, na atakujibu kile kila mtu anachokijua, punda afe mzigo ufike.

Kwa hivyo msianze na mzigo. Anzeni na mgongo, siku ya kwanza msitaje kilo kabisa. Siku mtakayorudi, tandiko likiwa limefanya kazi, mwenyewe ataona punda anatembea upesi na hakwami, hapo ndo fungueni hesabu. Hesabu yenyewe iwe ya pesa yake. Punda mwenye kidonda akilala wiki mbili ni tripu ngapi zimepotea? Punda akianzishwa kazi nzito kabla ya miaka minne mifupa haijakomaa, akichoka akiwa na miaka kumi umepoteza nini, na yule anayetunzwa anaweza kufika miaka 30? Mwache apige hesabu mwenyewe kwa sauti. Nimeona mzee akikaa kimya muda mrefu baada ya hesabu hiyo, halafu akamuita kijana wake akamwambia kuanzia kesho usipakie hivyo.

Maneno ya kuacha nyumbani ni ukatili, haki za wanyama, na sheria. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ipo, Sura ya 360, na kupiga au kumfanyisha kazi mnyama mgonjwa ni kosa. Mjue nyinyi kwa faida yenu. Lakini mkianza nayo mnakuwa askari, na askari haoneshwi punda wa uani.

Imamu wa mtaa anaweza kusema kwa dakika tano yale ambayo nyinyi mtashindwa kuyasema kwa siku nzima. Muombeni kwa adabu, mapema, msimwandikie hotuba. Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula kila mtu anaijua, lakini mmoja alitusomea ile ya ngamia aliyelia mbele ya Mtume (SAW) akilalamikia njaa na kazi nyingi, na baada ya swala watu wawili walikuja wenyewe kutuuliza habari ya tandiko.

## Hatua ya 7: Watoto

Kwa kifupi: wapeni kazi, sio wimbo. Vijana wadogo wa Lamu wanapanda na kuendesha punda toka udogoni, wanawajua. Ongeeni na mwalimu wa shule na maalim wa madrasa, wapeni watoto zamu ya kuangalia ndoo za maji mtaani na kumtaarifu mzee wa mtaa wakiona punda aliyelala hanyanyuki. Wasiguse vidonda.

## Hatua ya 8: Picha na simu

Msipige picha siku ya kwanza. Mkipiga, piga tandiko, piga mikono inayoshona, piga mgongo wa punda bila sura ya mtu wala mlango wa nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu, lakini hata bila sheria, Lamu ni mji mdogo. Kuna kikundi kiliweka mtandaoni picha ya punda mwenye kidonda na mwenyewe amesimama kando, maneno ya hasira chini yake. Yule baba alitukanwa na watu asiowajua, na alikuwa ameleta punda wake kwa hiari yake ili atibiwe. Hajaleta tena mnyama kwa mtu yeyote. Punda ndo aliyelipa.

Mmefaulu kama kila aliye kwenye picha ameiona kwenye simu yenu na amesema sawa kabla haijaenda popote.

## Hatua ya 9: Kurudi

Rudini baada ya siku saba, halafu baada ya mwezi. Wawili wanatosha, na daftari.

Siku ya saba mnaangalia tandiko. Limebonyea? Limechanika? Linaanikwa juani kila jioni na kufuliwa kwa wiki, au limeshakakamaa kwa chumvi ya jasho? Kila punda ana lake au wanaazimana? Kuazimana kunahamisha ugonjwa wa ngozi. Rekebisheni pale pale na mwenyewe akiwa ameshika sindano. Msimuulize "unalitumia?" kwa sababu atawajibu ndio kwa heshima ya mgeni. Nendeni ufuoni maji yakiwa yamejaa, kaeni mbali, hesabuni matandiko yaliyo mgongoni mwa punda wanaofanya kazi. Hiyo ndo namba ya kuandika kwenye ripoti, hata kama ni tatu kati ya kumi.

Baada ya mwezi mnapima vidonda tena na sarafu ile ile. Kilichokuwa kama kiganja kikawa kama sarafu, andikeni. Kilichokua, mpeni daktari jina la mwenyewe siku hiyo hiyo na muende naye.

Halafu tafuteni kitu kimoja cha mwisho: tandiko ambalo hamkulishona nyinyi. Mimi nililiona mara ya kwanza Wiyoni, kwenye safari yangu ya tatu. Gunia la mchele, pamba ya kanga ya rangi ya zambarau, mikanda ya tanga, nafasi ya katikati vidole vinne kamili. Nikamuuliza kijana nani amekufundisha, akanitajia jirani yake, na jirani yake hakuwa kwenye daftari letu.